Mahali Alipofia Mzee Ormerod

Barua ya Bi Philippa ilikuwa na mistari minne, mitatu ya adabu na mmoja wenye meno. Huo wenye meno ulisema kwamba mtembeza wageni yeyote atakayesema jambo lisilokuwamo kwenye karatasi za nyumba, siku hiyohiyo atarudisha ufunguo na beji.

Tuko watembeza wageni sita tunaojitolea katika Nyumba ya Ormerod, hapa Liverpool. Barua ilitumwa kwangu tu.

Sikushangaa. Nilikuwa na saluni miaka thelathini na minne, na kama hujawahi kuendesha saluni hujui mdomo wa binadamu unavyofanya kazi. Mteja ukishamtia rola, ukamketisha chini ya draya, ile kofia kubwa inayonguruma, hajisikii tena anavyosema. Anadhani ananong'ona, kumbe anapiga kelele na foleni nzima inamsikia. Mimi nilizijua mimba kabla ya waume na talaka kabla ya wake. Nilipostaafu, mwaka huohuo Desmond wangu akafariki, na nyumba ikawa kimya mpaka nikaanza kubishana na redio. Ndipo nikaja kujitolea kwa Ormerod. Kila Jumamosi watu ishirini, thelathini, wananifuata chumba kwa chumba na kunisikiliza mimi! Desmond mwenyewe hakuwahi kunisikiliza hivyo. Kwa hiyo ufunguo ule haukuwa ufunguo. Wakiuchukua, Jumamosi zangu ni mimi na redio, na redio haicheki.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kifo.

Nyumba ilijengwa na Mzee Josiah Ormerod, mfanyabiashara wa pamba, mwaka 1862. Ghorofa nne, na chini kabisa jiko, nusu yake imezama ardhini. Karatasi za nyumba zinasema alitoka katika ukoo wa kale wa mabwanyenye wa Cheshire, hakugusa pombe, na Machi 1881 alifariki kwa ugonjwa wa moyo kitandani mwake, ghorofa ya pili, Biblia mkononi. Mimi nilikuwa nikisema alifia jikoni.

Sikulitunga hilo. Nililipata chini ya draya, kwa Edie Cubbin, Mungu amrehemu, ambaye bibi yake alikuwa mtumishi wa ndani humo nyumbani akiwa msichana wa miaka kumi na sita. Jumapili jioni Mama Augusta Ormerod yuko kanisani, mume anadondoka jikoni kwa Bi Rimmer mpishi, na watu watatu wanambeba kwa ngazi za nyuma mpaka kitandani, wanamvalisha nguo ya kulalia, wanamtia Biblia mkononi, kisha wanashuka kumngoja mjane. Mpishi alishika mabega. Mwendesha gari la farasi alishika mguu wa kulia. Bibi yake Edie alishika wa kushoto, na mpaka anakufa alikuwa akilalamika uzito wake.

Zamani hizo bwana wa nyumba kushuka jikoni ilikuwa aibu kuliko kulewa. Alifuata nini, basi? Edie hakusema. Alisema tu, kwa sauti ya kusikika barabarani, "ALIKUWA ANASHUKA KILA JUMAPILI!" halafu draya ikazima naye akanyamaza. Pengo lile nikalijaza mwenyewe. Nilisema alifuata pudingi. Na kila nilipotamka neno pudingi nilikonyeza jicho moja, kila mtu mzima akaelewa alivyotaka.

Miaka kumi na moja hakuna aliyelalamika. Halafu akaja Crispin.

Crispin ni meneja mpya, kijana wa kusini, mwenye viatu visivyotoa sauti. Alikuja na masanduku mawili ya spika za masikioni, na ndani yake sauti ya mwigizaji fulani ikisoma zile karatasi kama anayesoma hukumu. Alitaka bodi ya wadhamini iziweke hizo mahali petu.

"Umbea si ushahidi, Bi Fazakerley," aliniambia.

"Umbea ni ushahidi uliokosa karani, malkia wangu," nikamjibu. Hapa Liverpool tunawaita malkia wanawake tu. Alijua nilichofanya.

Ikapangwa Jumamosi ya majaribio. Kundi moja livae spika, jingine nilitembeze mimi, na baada ya chai bodi ikate shauri. Mwenyekiti wa bodi ni Bi Philippa Ormerod-Lisle mwenyewe, mwandishi wa barua, kilembwe wa Mzee Ormerod, mwanamke mrefu mwenye hereni za lulu na shingo ya kumtazama mtu kutoka juu hata mkiwa mmekaa. Niliahidi mbele yake kusoma karatasi, neno kwa neno. Maishani nimeahidi uongo mara nyingi bila kudhurika. Siku niliyoahidi ukweli ndiyo iliyonikosesha usingizi.

*

Mvua ilikuwa inanyesha. Basi lilitoka Wigan, mji wa wachimba makaa, na wanawake ishirini na wawili, chama cha kuviringisha mipira kwenye nyasi, wote na makoti ya plastiki na sauti za uwanjani. Nilipomwona wa kwanza kushuka, moyo wangu ukashuka naye. Alikuwa Winnie Ollerenshaw. Mwaka jana alikuja na dada yake, na pale jikoni alicheka mpaka ikabidi akalie ndoo.

"Noreen!" akaita kabla hajafunga mwavuli. "Nimewaleta wote! Nimewaambia, ngojeni mfike jikoni. Nyie ngojeni tu!"

"Winnie, mpenzi," nikasema kwa sauti ndogo, "leo kuna mabadiliko kidogo."

Crispin akawagawa kumi na mmoja kumi na mmoja. Wa spika waliingilia jikoni, wapande juu. Wangu waliingilia mlango wa mbele, tupande vyumbani kwanza, kisha tushuke chumba cha kulia na mwisho jikoni, ili makundi yasigongane. Bi Philippa alisema ataanzia kwa wale wa spika halafu atajiunga nami "kusikia kidogo." Alivyolitamka hilo neno kidogo, ungedhani ni dawa.

Nikaanza kusoma. Sebule: zulia limetoka Axminster, saa imetoka Uswisi, karatasi ya ukutani ni ya mwaka 1874. Mwanamke mmoja akapiga miayo, na miayo ikazunguka kundi zima kama mafua. Mwingine, miguu ikimuuma, akakisogelea kiti cha hariri, akasita. Nyumba kama hizi hatuandiki "Usikae." Mwingereza ukimwandikia usikae atakaa ili akukomoe. Tunaweka kichwa kikavu cha mmea wa miiba katikati ya kiti, kimya kimya, na mtu anajiongeza mwenyewe. Yule mama aliutazama ule mwiba, mwiba ukamtazama, akabaki wima.

Tukapanda chumbani. Kitanda cha mbao nyeusi, mapazia mazito, Biblia mezani. Wanawake wa Wigan wakakusanyika wakingoja. Nikafungua karatasi ya nne.

"Katika chumba hiki, Machi 1881, Josiah Ormerod alifariki kwa utulivu."

"Weee!" Winnie akadakia. "Mwaka jana alifia jikoni!"

"Mwaka huu amefia hapa."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa ugonjwa wa moyo na kwa uamuzi wa bodi," nikasema, nikageuza ukurasa.

Walinitazama kama mbwa uliyemwonyesha mfupa ukaurudisha mfukoni. Tulipotokea kwenye ngazi tukapishana na kundi la spika likipanda, nyuso zimewalala, kila mmoja peke yake na mwigizaji wake. Na bado, watatu katika watu wangu waliniuliza zile spika zinapatikana wapi. Hilo lilinichoma kuliko barua. Wenzangu, kutukanwa nimezoea. Kuchosha watu sijawahi.

"Umeumwa?" Winnie aliniuliza pembeni. "Niambie ukweli, shoga. Umepata kiharusi?"

"Nimepata barua."

Nikamweleza kwa maneno sita. Akauma mdomo. "Basi soma, mwanangu," akasema. "Soma, sisi tutavumilia. Tumeshawahi kwenda mahubiri ya Askofu."

*

Chumba cha kulia ndicho chenye kitu pekee kilichomo kwenye karatasi kinachochekesha, nacho ni bomba la kusemea. Limetoka ukutani karibu na meko, mdomo wake wa shaba, linapita ndani ya ukuta mpaka jikoni. Kila upande una filimbi iliyozibia mdomo. Ukitaka kumwita mpishi unatoa filimbi yako, unapuliza, filimbi ya jikoni inalia, mpishi anaitoa na mnasemeshana. Mkimaliza kila mtu anarudisha filimbi yake. Hiyo ni sheria, na imeandikwa kwenye kikaratasi pale ukutani, kwa mwandiko wa Crispin: REJESHA FILIMBI. Kwa sababu zikiwa zote mbili nje, bomba halichagui. Hata mtu akijikuna jikoni utasikia juu.

Karatasi ya sita inasema mgeni mmoja anaruhusiwa kupuliza. Mgeni huyo bila shaka alikuwa Winnie. Nikaitoa filimbi, akavuta pumzi ya mtu aliyeviringisha mipira miaka arobaini, akapuliza.

Kule chini ikalia kama treni. Tukasikia kitu kikianguka, halafu sauti ya Crispin: "Jikoni tumesikia. Asante, Bi Fazakerley." Wanawake wakapiga makofi, mara yao ya kwanza siku hiyo.

Nikanyoosha mkono nirudishe filimbi. Wallahi nilikuwa nairudisha, mkono ulikuwa njiani. Ndipo bomba likasema, kwa sauti ya Bi Philippa, safi kama amesimama ndani ya meko:

"Anaendeleaje huko? Amesema lolote?"

"Mpaka sasa anasoma kama mtoto wa shule," Crispin akajibu. "Wageni wamechoka hoi."

"Vizuri. Yule mwanamke na pudingi yake! Miaka kumi na moja anawaambia watu kwamba mzee wetu alikuwa na hawara jikoni."

Nilijua kilichotokea. Crispin alitoa filimbi ya chini kujibu na hakuirudisha. Nilijua pia kwamba Bi Philippa akigundua tunamsikia, ufunguo wangu umekwenda, nimesema nisiseme. Nikasogeza filimbi kwenye mdomo wa bomba. Kiganja kama koleo kikanikamata mkono.

"Ukithubutu," Winnie akaninong'oneza, "nakuvunja."

"Ni upuuzi wa saluni, madam," bomba likaendelea kwa sauti ya Crispin. "Hakuna ushahidi wowote kwamba alifia humu."

Wanawake kumi na mmoja wa Wigan waliacha kupumua, jambo ambalo sidhani liliwahi kutokea kabla.

"Shida yenyewe, Crispin," ikasema ile sauti ya lulu, "ni kwamba alifia humu."

"Humu... wapi?"

"Hapo uliposimama. Sogea."

Mmoja wa kundi langu alijiziba mdomo kwa kofia yake ya plastiki.

"Kwenye meza hiyo, uma mkononi," Bi Philippa akasema. "Bibi yangu alitueleza kila mmoja alipotimiza miaka kumi na sita, na tukaapa kutosema."

"Kwa hiyo ni kweli kwamba yeye na mpishi—"

"Laiti ingekuwa mapenzi! Mapenzi watu husamehe. Mtaa huu kila ukoo una hawara wake, wengine wamewawekea hata picha. Alikuwa anakula matumbo."

"Anakula nini?"

"Matumbo, Crispin. Utumbo wa ng'ombe na vitunguu, umechemshwa kwenye maziwa. Juu mkewe anampakulia vyakula vya Kifaransa, yeye anachokora tu kama mgonjwa. Jumapili mkewe akienda ibada ya jioni, anashuka, anavua koti, anafungua vifungo vya kizibao, anakula matumbo kama kuli wa bandarini. Mama yake alikuwa na kibanda cha matumbo sokoni! Hakuna Cheshire yoyote. Huyo mtu amezaliwa Wigan."

Ilichukua kama muda wa kumeza mate. Kisha Winnie Ollerenshaw akaniachia mkono, akakamata mdomo wa bomba kwa mikono miwili.

"WE MAMA!" akanguruma ndani yake. "WIGAN IMEKUFANYA NINI?"

*

Walipanda mbio. Mbele alitangulia Bi Philippa, shingo nyekundu mpaka kwenye lulu, nyuma yake Crispin, na kwa mara ya kwanza viatu vyake vilitoa sauti.

"Bi Fazakerley," Bi Philippa akasema akihema. "Ufunguo, tafadhali."

Vidole vyangu vilikwenda mfukoni vyenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuiona Jumamosi ijayo, kikombe kimoja, redio. Lakini saluni ilinifunza kwamba mtu asiye na kosa asiwahi kuomba radhi.

"Nimesema nini?" nikauliza. "Kwa upole tu. Nimesema neno gani ambalo halimo kwenye karatasi?"

"Hajasema kitu!" Winnie akadakia. "Masikini, ametuchosha karibu kutuua. Tunaapa wote."

"Ametuchosha sana," wakaitikia wenzake, kama kanisani.

"Uliacha filimbi wazi," Crispin akasema.

"Karatasi ya sita, mgeni mmoja anaruhusiwa kupuliza. Ya kwetu hii hapa. Ya jikoni iko wapi?"

Mnyororo wa filimbi ya jikoni ulikatika siku nyingi, kila mtu humo anajua. Crispin akatazama mkono wake wa kulia. Filimbi ilikuwa humo kiganjani, alikuwa ameishikilia muda wote kama mtoto aliyeshika jino lililong'oka.

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunamtazama Bi Philippa. Alisimama katikati ya chumba cha wazee wake, ameanikwa, na mimi, sitasema uongo, sikufurahi nilivyotegemea. Nimewaona wanawake wengi wakitoka chini ya draya na kutambua foleni nzima imewasikia. Wote huwa na uso uleule.

Winnie akamwendea. Mmoja mrefu, mmoja mpana.

"Kwani matumbo yana ubaya gani?" akamuuliza, na sauti sasa ilikuwa ya chini. "Mama yangu katulea saba kwa matumbo. Ungeniambia mapema kwamba mwenye jumba hili ni mtoto wa muuza matumbo wa Wigan, ningelipa kiingilio mara mbili. Mtoto wa kwetu kajenga hivi! Halafu nyie mnamficha?"

"Mnayala na pilipili manga, au vipi?" Winnie akaendelea, kama anayemuuliza jirani kwenye ua.

Mvua ikagonga dirisha.

"Siki," Bi Philippa akasema.

"Eh?"

"Bibi yangu aliyala baridi, kwa siki. Mlango umefungwa." Akashika hereni moja, kama anayehakikisha bado ipo. "Mimi pia. Alhamisi."

Wigan nzima ikalipuka. Sikuwahi kusikia kelele kama ile ndani ya nyumba ya makumbusho. Wakamzunguka, kila mtu na siki yake na mama yake, mmoja akisema maziwa ni kuharibu, mwingine akisema bila maziwa ni kula mpira wa tairi. Na Bi Philippa akafanya jambo ambalo hakuna mtu amewahi kulifanya humo tangu nyumba ifunguliwe kwa wageni. Akakiendea kiti kikubwa cha Mzee Ormerod kilicho kichwani mwa meza, akainua kile kichwa cha miiba kwa vidole viwili, akamkabidhi Crispin, akakaa.

"Ilikuwa hivi," akasema.

Akasimulia yote. Crispin alisimama filimbi mkono huu, miiba mkono ule, hajui aweke kipi wapi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye kubeba maiti.

"Mpishi mabega," Bi Philippa akasema, "mwendesha farasi mguu wa kushoto—"

"Wa kulia," nikasema. Ulimi ulinitoroka.

"Wa kushoto, Noreen."

Sikuwa nimewahi kusikia jina langu kinywani mwake. Lakini kitu cha Edie ni cha Edie. "Wa kulia, Philippa. Wa kushoto alishika bibi yake Edie Cubbin, akaumia mgongo."

"Haiwezekani. Ngazi za nyuma zinakata kona kushoto. Msichana wa miaka kumi na sita angebanwa ukutani."

"Ndiyo maana akaumia mgongo!"

"Twendeni tukajaribu," Winnie akasema, akamgeukia Crispin, akampima kwa macho kuanzia juu mpaka viatuni. "Huyu ana kilo ngapi?"

"Mimi siwezi—" Crispin akaanza.

"Ni utafiti, malkia wangu," nikamwambia. "Si unataka ushahidi?"

Basi tukashuka jikoni wote. Crispin alilazwa juu ya meza ya Bi Rimmer, kwa heshima, amekunja mikono kifuani, na naapa alipokuwa akilala alitabasamu, mara moja, kisha akakumbuka yeye ni meneja. Winnie akachukua mabega. Bi Philippa, aliyesisitiza kushiriki, akawa mwendesha farasi kwenye mguu wa kulia, tujaribu kauli yangu kwanza. Mimi nikachukua wa kushoto, niione adha ya yule msichana. Tukapanda.

Kwenye ile kona nilibanwa ukutani kama kitambaa kwenye pasi. Bibi yake Edie alikuwa mkweli.

"Imetosha, nimekubali!" Bi Philippa akapiga kelele kutoka mguu wa kulia. "Wa kushoto alikuwa msichana! Msimwangushe!"

Hapo hapo kundi la spika likawa linashuka, wanawake kumi na mmoja wametumbua macho mbele, mwigizaji akiwaambia masikioni kwamba Josiah Ormerod alifariki kwa utulivu. Wakakutana uso kwa uso na meneja wa nyumba amebebwa kama jeneza, filimbi kifuani. Spika zikaanza kuvuliwa, moja moja, kisha zote.

"Huyu ndiye nani?" akauliza wa mbele.

"Mzee Ormerod," Winnie akasema akihema. "Mtoto wa Wigan. Pisheni njia."

*

Kwenye chai, bodi ilikutana kwenye sebule, na mimi nikangoja ukumbini ufunguo ukiwa kiganjani. Hawakuchukua hata robo saa. Bi Philippa alitoka, akaniambia karatasi zitaandikwa upya. Cheshire itatolewa, Wigan itaingia, matumbo yataingia. Spika zitabaki, kwa wageni wa lugha nyingine na kwa watoto wasiotulia.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe uache kukonyeza jicho. Pudingi imefutwa."

"Imefutwa, Philippa."

"Na sehemu ya jikoni," akasema, na kwa mara ya kwanza hakunitazama kutoka juu, alitazama zulia, "nilifikiri pengine niisimulie mimi. Ni mzee wangu."

Nikakubali. Ndiyo hadithi yangu bora, niliyoitunza miaka kumi na moja mizima, na sasa kila Jumamosi Bi Philippa anashuka nayo jikoni. Anaisimulia vibaya. Anaanzia na ngazi kabla ya meza, anasahau kizibao, na anatamka neno matumbo kama mtu anayekanyaga barafu. Wageni wanampenda hata hivyo. Wigan wamekuja mara mbili tena, na mara ya pili walikuja na bakuli.

Mimi huishia chumba cha kulia. Nikishawatuma wageni chini, nabaki pale karibu na meko, naitoa filimbi yetu, naweka sikio. Ya jikoni haikurudishwa tangu siku ile. Crispin anasema imepotea, na Crispin siku hizi anajua kupoteza vitu. Namsikia Philippa akipanda na kuteleza katika hadithi, akifika mahali palepale kila wiki, pale pa bibi yake na mlango uliofungwa, kisha akikwama. Hapo ndipo ninapoinama kwenye bomba na kusema polepole, ili wale walio karibu na bomba kule chini tu wasikie:

"Siki, Philippa. Umesahau siki."